Mheshimiwa Maji, Saizi Sabini na Mbili

Nchi yenyewe sitaitaja. Wanaoijua hawahitaji kuambiwa, na wasioijua wasiwe na haraka. Nitakachosema ni kwamba ni nchi nzuri, ina amani, na kila mtu ndani yake anajua saizi yake.

Nasema saizi ya herufi. Kwetu sheria iko wazi kabisa. Jina la Rais likiandikwa popote, iwe ukutani au kwenye skrini, ni saizi mia na ishirini, herufi nene. Waziri ni sabini na mbili. Mkurugenzi arobaini na nane, mkuu wa idara ishirini na nne. Na jambo lolote linalomhusu mkubwa huandikwa kwa saizi yake mwenyewe, ndiyo maana mwaka ule jino la waziri lilipong'olewa tulisoma habari zake tukiwa ng'ambo ya mto. Mwananchi wa kawaida, pamoja na mambo yake yote, ni saizi sita, rangi ya kijivu. Wapo watu wenye midomo wanaosema saizi sita haisomeki. Waongo hao. Inasomeka vizuri tu ukiwa na macho mazima, jua la kutosha na nafasi ya kukaa hapo mchana kutwa.

Mimi naitwa Chande, saizi sita. Kazi yangu ni kufuta Skrini ya Wananchi iliyosimikwa pale soko la Bondeni, chini kabisa ya bonde, karibu na mto. Ni skrini ya kugusa, kubwa kama mlango wa godauni. Ukiigusa inakuitikia: inasema, inaimba, inaonyesha video. Ililetwa ili wananchi wazungumze na serikali yao, na kwa ajili hiyo iliwekewa vitufe viwili, kimoja kimeandikwa NDIYO na kingine NDIYO SANA. Vidole vya watu vina mafuta, ninyi mnajua. Mimi nafuta. Nimefuta kwa uaminifu miaka yote hiyo nikitarajia siku moja nipandishwe saizi nane, na mpaka leo natarajia.

Sasa masika yale mvua ilinyesha mpaka bwawa la juu likajaa pomoni. Injinia Mwasandube, msimamizi wa bwawa, akaja mjini na viatu vimejaa tope akasema Jumamosi jua likichomoza milango ya bwawa itafunguliwa, isipofunguliwa ukuta utapasuka. Maji yote yatapita Bondeni. Watu wahame, wapande kilimani, basi. Alisema maneno hayo machache na akaomba kiti akae.

Kumwambia mtu wa Bondeni ahame si jambo jepesi. Walishaambiwa mara nyingi kwa mdomo, na kila walipohama walirudi wakakuta mtu mwingine kajenga. Kwa hiyo walikuwa wameapa hawatoki pale mpaka serikali yenyewe iandike kwenye skrini, nao wayaone maneno kwa macho yao. Aliyeapa kwa sauti kuliko wote ni Bi. Siwema, mama muuza mihogo ya kukaanga, ambaye karai lake liko hatua chache tu kutoka kwenye skrini yangu. Na Bi. Siwema ana mtoto wa jicho, macho yote mawili.

Kazi ya kuandaa tangazo akapewa Hidaya, mpangaji wa skrini wa Wizara ya Mwonekano wa Maneno. Hidaya ni binti yake huyo Bi. Siwema. Amezaliwa Bondeni, amekulia kwenye moshi wa karai lile. Kwa hiyo ninaposema kazi hii aliifanya kwa moyo, naomba mnielewe.

Aliitengeneza siku hiyohiyo. Nilikuwepo ilipoonyeshwa mbele ya kamati, kwa sababu skrini ya majaribio nayo ni kioo, na kioo kinafutwa. Aliweka weusi nyuma, maneno ya manjano makubwa yaliyojaa skrini nzima: JUMAMOSI JUA LIKICHOMOZA MAJI YANAKUJA BONDENI. PANDENI KILIMANI. Ukigusa popote, sauti inakusomea. Nyuma yake video ya maji yanapanda, na king'ora. Mimi mwenyewe nilipoiona nilisogeza miguu.

Bwana Sefu Kitojo, Mkuu wa Itifaki ya Herufi, akavua miwani.

"Dada Hidaya, hili tangazo ni la nani?"

"La watu wa Bondeni, Bwana Kitojo."

"Sijauliza linakwenda kwa nani. Nauliza ni la nani. Naona maneno makubwa na simuoni mtu. Nani amekua mpaka akafikia ukubwa huu bila sisi kujua?"

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Lutengano Chambuso, akasema kwa upole kwamba yeye si mtu wa makuu, ila wananchi watashangaa wasipoliona jina lake, watadhani anaumwa. Basi jina likawekwa juu, sabini na mbili, herufi nene. Hidaya akajaribu kubana nafasi kwa kuliandika kwa herufi za mlazo. Waziri akainamisha kichwa upande, akatazama.

"Mbona nimelala?"

"Ni mtindo, Mheshimiwa."

"Mtindo wa mtu aliyetoka baa. Niinue."

Akainuliwa. Naibu mmoja akapendekeza apigiwe mstari chini kwa heshima, mwingine akasema mwalimu hupiga mstari pale mwanafunzi alipokosea, na palitokea ugomvi uliodumu mpaka chai ilipoletwa. Baada ya chai wakaingia wakurugenzi, kila mmoja na arobaini na nane yake, halafu wakuu wa idara. Kila jina likishuka, maneno ya Hidaya yanasogea chini na kupungua. King'ora kikaondolewa kwa kuwa kinawatia watu hofu, ukawekwa wimbo wa bendi ya wizara. Video ya maji ikatolewa, akawekwa waziri anapanda mti. Ile sauti ya kusoma nayo ikafutwa, maana Bwana Kitojo alipima akagundua inasikika mbali kuliko jina la waziri linavyoonekana, na huo ni utovu wa nidhamu.

"Na maneno yenyewe?" Hidaya akauliza.

"Maneno yenyewe ni ya nani?"

"Ya wananchi."

"Saizi sita," akasema Bwana Kitojo, na akampigapiga begani. "Kijivu. Usijali, yapo."

Jumatano asubuhi tangazo likawaka pale sokoni. Watu wakajaa. Wakaona jina kubwa, picha ya waziri akitabasamu, chini yake majina ya wenzake wote, na wimbo wa polepole unapigwa. Kuna mwanamke mmoja akatoa sauti ya kilio, na wengine wakafuata. Walidhani waziri amefariki. Wakajifunga kanga viunoni wakakaa mkekani. Mheshimiwa alipopata habari kwamba Bondeni wanamlilia alifurahi sana na akataka kujua idadi yao.

Hidaya akaja mbio. Akamkuta mama yake kwenye karai, anageuza mihogo.

"Mama, umesoma tangazo?"

"Nimesoma. Chambuso katutoka. Wala hakuwa mbaya sana."

"Hajafa, mama. Soma pale chini kabisa."

Bi. Siwema akasogea mpaka pua ikagusa kioo. "Hapa? Hapa pana vumbi tu. Chande, kazi huwezi? Hebu futa."

Nikaja na kitambaa nikafuta. Nikafuta tena. Halikuwa vumbi, lilikuwa tangazo.

Hidaya akamshika mama yake mkono, akamwambia yale maneno kwa mdomo, polepole, mbele ya wateja. Bi. Siwema akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, nakuamini wewe. Lakini mwaka juzi nilimwamini mjumbe, nikahama, nikarudi nikakuta sufuria zangu zinapikia wengine. Kama ni serikali, iandike nione. Isipoandika, mimi na karai langu tuko hapa."

"Utakufa, mama."

"Basi nitafia kwangu."

Watu waliokuwa pale wakaitikia kwamba ndivyo ilivyo. Hidaya akalia mbele zetu sote bila hata kujificha. Mimi nilijifanya naendelea kufuta.

*

Mkutano wa pili uliitishwa Alhamisi. Injinia Mwasandube alikuwepo, hajalala. Hidaya hakuleta mchoro wowote.

"Waheshimiwa, watu hawajaliona. Naomba maneno yakuzwe."

"Haiwezekani," akasema Bwana Kitojo. "Si kwamba hatutaki. Maneno hayana cheo."

"Kwa hiyo tatizo ni cheo."

"Dada yangu, tatizo siku zote ni cheo."

"Basi mpeni."

"Nani?"

"Maji."

Nilitegemea wacheke. Hakuna aliyecheka. Nchi yetu imewahi kumpandisha cheo mkurugenzi aliyekwisha kuzikwa, na hata leo ofisi yake inasifiwa kwa utulivu. Mheshimiwa Waziri akaweka kikombe chini akamgeukia injinia.

"Uzoefu wake?"

Injinia akatazama huku na huku. "Wa nani, Mheshimiwa? Wa maji? Yamewahi kufika Bondeni mara kadhaa. Kila yakifika hakuna asiyejua."

"Hilo ni zaidi ya wewe, Kitojo. Ana watu nyuma yake?"

"Nyuma yake kuna bwawa zima."

Waziri akaguna. Akazunguka meza mara moja, mikono nyuma. "Nilikuwa nafikiria ukurugenzi. Lakini mtu mwenye kundi kubwa kiasi hicho ukimpa ukurugenzi unamtukana. Atakuja kutusumbua. Tumpe uwaziri. Waziri Asiye na Wizara, ili asiguse ya kwangu."

Wote wakaunga mkono, wakagonga meza. Bwana Kitojo akapiga muhuri, na kuanzia saa hiyo maji yakawa mheshimiwa. Hidaya alitoka pale anakimbia, viatu mkononi.

Jioni ile skrini ikawaka upya, weusi nyuma, manjano mbele, herufi nene, sabini na mbili kuanzia juu mpaka chini: MHESHIMIWA MAJI ANAWASILI BONDENI JUMAMOSI JUA LIKICHOMOZA. WOTE PANDENI KILIMANI. Na kwa kuwa ni waziri, alistahili king'ora. King'ora kikarudi.

Bi. Siwema aliinua uso akiwa amekaa palepale kwenye kigoda chake. Akatikisa kichwa taratibu, akifuata maneno moja moja.

"Umeyaona, mama?"

"Nimeyaona. Hata ningekuwa ndani ya nyumba ningeyaona." Akamwaga mafuta, akageuza karai, akajifunga kanga vizuri. "Haya, serikali imesema. Nishikie kigoda."

Alipobeba karai kichwani, soko zima likabeba. Ijumaa kutwa watu walikuwa njiani, na magodoro, na kuku, na milango waliyoing'oa kwenye bawaba zake. Hidaya akasema skrini ibaki palipo na wananchi, kwa hiyo vijana wakaifungua ikapandishwa na mkokoteni mpaka kilimani. Mimi nikafuata kioo changu.

*

Kule mjini, nilikoitwa kufuta kioo cha kamati, Ijumaa hiyohiyo Bwana Kitojo alikuwa anapitia kanuni zake, akasimama ghafla. Waziri akiwasili mahali, lazima apokelewe na waziri mwenzake. Akaenda kusema.

"Kitojo," akasema Mheshimiwa Chambuso, "yale ni maji."

"Najua ni maji, Mheshimiwa. Sote tunajua. Lakini ameteuliwa, na wewe ndiye uliyempendekeza. Usipokwenda watasema umemdharau mwenzako wiki ileile aliyoteuliwa."

Kila mmoja alimtazama mwenzake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema haendi. Waziri ndiye aliyepata ufumbuzi, na sikatai kwamba ana akili.

"Tangazo linasema jua likichomoza. Sisi mawaziri tukiandikiwa jua likichomoza, huwa tunafika saa ngapi?"

"Mkiwahi sana, saa tano," akasema Bwana Kitojo.

"Basi saa tano. Tutakwenda alfajiri, tutatandika zulia, tutapiga picha, saa tatu tunaondoka. Tutakuwa tumempokea na hatutakuwepo."

Injinia akajaribu kueleza kwamba milango ya bwawa inafunguliwa kwa mashine na mashine haina mazoea hayo. Akaambiwa asiwafundishe mawaziri ratiba za mawaziri.

Mimi niliomba niende nao. Nilisema jukwaani kutakuwa na vioo vya magari, na vioo vinahitaji mtu. Bwana Kitojo akanijibu kwamba jukwaa la itifaki linaanzia saizi ishirini na nne. Niliumia, sitawaficha. Nilirudi kilimani nimevuta mdomo, na Bi. Siwema akanipa muhogo nisikae na hasira zangu tumbo tupu.

Jumamosi kulipopambazuka tuliwaona vizuri kule chini. Zulia jekundu kutoka jukwaani mpaka ukingoni mwa mto. Bendi imepangwa. Majina yao yote wameyachonga kwa herufi za plaiwudi, wakayasimamisha nyuma ya viti kwa saizi zao, na la Chambuso lilikuwa refu kuliko nyumba zilizobaki. Mheshimiwa alikuwa amesimama na hotuba yake, anajaribu kipaza sauti. Alikuwa amefika kwenye "ndugu yangu na mwenzangu katika utumishi" wakati jua linachomoza.

Mheshimiwa Maji aliwasili. Katika historia yote ya nchi yetu hakujawahi kutokea waziri aliyefika kwa wakati, na wenzake kwa kweli hawakuwa tayari. Hakusubiri wimbo. Alipita juu ya zulia, akapanda jukwaani bila kukaribishwa, akachukua bendi, akachukua magari, akaingia sokoni na kila nyumba aliyoikuta akaondoka nayo.

Hakufa mtu. Nalisema mapema kwa sababu najua mnauliza. Plaiwudi inaelea, na hapo ndipo nilipokiri kwamba sheria yetu ya saizi ina manufaa. Waziri alionekana anazunguka katikati ya mto amejivika herufi O ya jina lake kiunoni, na wakurugenzi wameng'ang'ania zao. Wakuu wa idara, wenye herufi ndogondogo, ilibidi wakumbatie tatu tatu. Bwana Kitojo alikutwa juu ya mpera, hana miwani, akiuliza nani ametangulia kuokolewa, maana kuna utaratibu.

Huku kilimani hakuna aliyeshangilia. Tulikuwa tunatazama Bondeni. Bi. Siwema hakuona sana, na alimwomba binti yake amwambie.

"Nyumba yetu?"

"Imekwenda, mama."

"Ya jirani yetu, Bi. Siti?"

"Zote, mama."

Akakaa juu ya karai lake lililopinduliwa. Akamvuta Hidaya akamweka kifuani. Kulikuwa na watu wengi pale kilimani, watoto wanalia njaa, kuku wanapotea, watu wanahesabiana kwa majina. Wote walikuwepo.

*

Kamati ilikutana palepale kilimani, maana ofisi ilikuwa na tope. Mheshimiwa Chambuso alikuwa amevaa kanga ya kuazimwa, na alikasirika kweli. Akasema mwenzao mpya ameonyesha dharau, kiburi na kutozingatia ratiba. Uteuzi wake ukatenguliwa hapohapo. Bwana Kitojo akasoma azimio: kuanzia sasa hadi mvua zote zijazo, habari zozote za maji zirudi saizi sita, rangi ya kijivu. Lakini kwa kuwa sisi ni nchi ya kidemokrasia, wananchi waulizwe kwanza.

Hidaya akaamriwa kuliandaa swali. Likawaka kwenye skrini: JE, MNAKUBALI MHESHIMIWA MAJI ATENGULIWE NA MATANGAZO YAKE YARUDI SAIZI SITA? Chini yake vile vitufe viwili, NDIYO na NDIYO SANA. Watu wakapanga foleni kama walivyozoea. Wa kwanza alikuwa Bi. Siwema, kwa heshima ya umri.

Akasogea. Binti yake akamsomea swali, akamsomea na vitufe. Bi. Siwema akainua kidole, akakishusha.

"Hivi ndivyo vilivyopo?"

"Ndivyo hivyo, mama."

"Niwekee kingine. Kiandike HAPANA."

Bwana Kitojo aliyekuwa karibu akakohoa. Akasema neno hilo halimo kwenye kanuni, halina cheo, na kwa hiyo haliwezi kuwa na saizi. Hidaya alimtazama, akamtazama waziri katika kanga yake. Nilijua anafikiria kazi yake. Halafu akamgeukia mama yake.

"Saizi gani, mama?"

"Mimi sizijui saizi zenu. Weka ile ambayo nitaiona hata nikiwa mwisho wa foleni."

Hidaya akaanza kukikuza. Ishirini na nne. "Bado," akasema Bi. Siwema. Arobaini na nane. "Bado, mwanangu." Akapita sabini na mbili, na Bwana Kitojo akashika kichwa. Akapita mia na ishirini, na hapo hata mimi nilitazama chini. Kitufe kilipojaa skrini nzima, vile viwili vingine vikasukumwa nje ya kioo, Bi. Siwema akasema, "Haya. Nakiona." Akakibofya.

Hidaya kesho yake hakuwa na kazi tena, sasa anasaidia kukaanga mihogo. Barua zinaendelea kuja kutaka kitufe kiondolewe, lakini anayejua kukiondoa ni yeye, na hana nafasi, wateja ni wengi. Matangazo ya maji bado ni makubwa. Foleni inaanza asubuhi. Mimi nafuta. Zamani alama za vidole zilikuwa zimetawanyika kioo kizima, siku hizi zote ziko mahali pamoja, na kitambaa changu cha serikali kimetoboka hapo katikati. Nilitakiwa kupeleka taarifa nikiona jambo lisilo la kawaida. Sijapeleka. Na mimi nimekibofya, sikatai, ila ilikuwa ni kuhakikisha tu kama kinafanya kazi. Nahakikisha kila siku nikiingia na nikitoka.